Ufunguo Ulio Nje ya Mlango

Kwa miezi kumi na moja sikuliona jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelibaini kwa wiki moja: Eskil hakujua kwamba ufunguo wa mlango wetu uliachwa nje kwa ajili yake. Naliandika hili kwa aibu ya moyo, na kwa aibu ya kitaaluma pia. Kazi yangu ni kusoma mikataba ya ndoa na wosia za watu wa kisiwa chetu cha Gozo waliokufa miaka mia tatu iliyopita, kisha kueleza kwa nini walitenda walivyotenda. Wafu niliwaelewa. Mwanamume aliyesimama kizingitini petu kila Jumapili saa sita na nusu, shati limenyooshwa na nywele bado zina maji, huyo sikumwelewa.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Septemba. Xlokk ilikuwa imekaa juu ya kisiwa kwa siku ya tatu, upepo ule unaotoka jangwani ukiwa mkavu na kutufikia umeshiba bahari. Kuta zilitoka jasho, chumvi iligandamana chupani, na kijiji kizima cha Għarb kilikuwa kimelala vibaya. Mimi nilikuwa nimepanga sahani mara tatu. Nilifungua dirisha nikalifunga. Nilichukua makala ya kusahihisha, nikasoma sentensi moja mara nne, na mara ya nne bado sikuweza kusema kama mwandishi aliafiki au alipinga.

"Kaa chini, Ditta," shangazi Ċensa aliniambia akiwa jikoni, bila kugeuka. "Unanitia kizunguzungu. Sungura ataungua huku nakuangalia wewe."

Nikamwambia sina neno. Akasema mtu asiye na neno hapangi sahani nne wakati walaji ni wawili.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Baba alikuwa ametoka alfajiri kwenda shambani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilitenda Jumapili tangu nizaliwe. Alisema ukuta wa chini umebomoka. Ukuta ule ulikuwa umebomoka tangu Februari. Ukweli ni kwamba Ijumaa, walipokuwa wakikusanya nyundo na kamba, Eskil alimwarifu kwamba muda wake wa kujifunza ujenzi wa kuta za mawe umekwisha, kwamba jumba moja la makumbusho kwao Norwei limempa kazi, na kwamba ataondoka Jumapili kwa feri ya saa kumi na moja jioni. Baba alijibu tu kwamba bahari itakuwa nzito, achague kiti cha katikati. Kisha akarudi nyumbani, akanywa supu, na hakusema neno jingine mpaka alipokwenda kulala.

Sahani ya tatu niliiweka kwa ajili ya baba. Ya nne sikutaka kuulizwa.

Saa sita na nusu mlango ulibishwa. Mara tatu, polepole, kisha kimya.

"Huyo," shangazi alisema. "Mtoza kodi wetu."

Ufunguo wa nyumba yetu hukaa nje, ndani ya tundu lake, tangu asubuhi hadi tunapolala, kama funguo za mtaa mzima. Mtu wa nyumbani huuzungusha, huita jina la yeyote, na jina likiwa bado kinywani ameshafika ukumbini. Anayebisha ni polisi, au mtu wa mahakama mwenye bahasha. Jumapili ya kwanza tulimsamehe Eskil. Ni mgeni, tukasema, ana haya. Tulikaa mezani tukimpa nafasi aingie mwenyewe, naye akasimama nje mpaka shangazi alipokata tamaa akamfungulia. Jumapili ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya kumi. Kufikia Krismasi shangazi alikuwa ameanza kumwiga, akigonga meza kwa kifundo cha kidole, tok, tok, tok, na mimi nikicheka huku kitu kikinichoma chini ya mbavu.

Mwezi wa Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, baba alimwekea mkono begani mbele ya watu na kumwambia, "Mlango wetu unaujua." Kwa baba yangu hayo ni maneno mengi. Wapo wanaume wa kijiji hiki waliooa kwa maneno machache kuliko hayo. Eskil alijibu kwa adabu kwamba ndiyo, anaujua, ni ule wa kijani. Watu walicheka wakidhani anafanya mzaha. Jumapili iliyofuata akabisha. Baba aliweka uma chini.

"Nimempa nyumba," alisema, "na ameirudisha."

Na bado alinipenda. Hilo ndilo lililonitesa. Nje ya nyumba alinipenda waziwazi. Nilikuwa nikiwapelekea chakula kwenye matuta, naye aliacha jiwe lililokuwa mkononi akanitazama nikishuka njia yote, bila kuona haya, kama mtu anayetazama mvua inakuja. Februari alinishika kifundo cha mkono kunivusha pengo la ukuta, na tulipokwisha kuvuka hakuniachia. Vumbi la mawe lilikuwa limeingia katika mistari ya kiganja chake. Tulitembea hadi mnara wa zamani na kurudi, jioni kwa jioni, tukizungumza kila jambo isipokuwa lile moja. Lakini Jumapili, mbele ya watu wangu, alirudi kuwa mgeni. Kwetu kuna jina la mwanamume anayempenda binti barabarani na kuikataa nyumba yake, na si jina zuri. Agosti niliacha kupeleka chakula. Eskil hakuuliza sababu, nami nikahesabu kutouliza kwake kuwa jibu.

Kwa hiyo alipobisha siku ile sikuweza kukaa mezani nikingoja. Nilifungua mwenyewe.

Alikuwa na sanduku moja na mfuko wa zana. Upepo ulikuwa umemgandamiza shati kifuani. Macho yake yalipita usoni mwangu haraka, yakaenda kwenye kizingiti, yakarudi tena taratibu, kama yanayotaka kubeba kitu bila kuonekana.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Sitakaa. Sitaki kuwasumbua."

"Hujawahi kutusumbua, Eskil. Ndiyo shida yako."

"Sikuelewi."

"Miezi kumi na moja." Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyopanga, na nilisikia dirisha la roshani ya jirani yetu Ġiġa, ng'ambo ya barabara, likifunguliwa kidogo. "Unakuja mpaka hapa, unasimama, unagonga kama mtu wa mahakama. Kama hukututaka ungesema tangu Oktoba. Kwa nini ulinishika mkono?"

Eskil aliliweka sanduku chini, kwa uangalifu, kama jiwe ambalo hajui upande wake wa kulalia.

"Mimi ndiye sikuwataka? Ditta, nimesimama hapa kwenye mvua. Nawasikia mle ndani. Nasikia vijiko. Namsikia shangazi yako akisema, huyo amekuja. Na hakuna anayefungua. Dakika tano, siku nyingine saba. Kila Jumapili najiambia, leo hawatafungua kabisa, na itakuwa wazi, na nitakwenda zangu."

"Tulikuwa tunakungoja."

"Mnaningoja wapi?"

"Mezani. Tunangoja uingie."

"Niingieje?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye ufunguo, naye akayafuata. Ulikuwa mahali pake, mkubwa, mweusi, umelainika kichwani kwa mikono ya watu wa vizazi vinne. Akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Huu? Nilidhani mnausahau," alisema. "Mara mbili nilitaka kuwaonya. Kwamba ipo siku mtu ataingia awaibie."

Kutoka roshanini Ġiġa alisema, bila kumlenga yeyote, "Amedhani tumesahau. Mtaa mzima, miaka mia mbili, tumesahau."

"Ġiġa, funga roshani yako," shangazi akajibu kutoka ndani, karibu mno. Alikuwa nyuma yangu muda wote, kijiko mkononi.

Eskil alieleza, na alieleza kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa kosa asilolijua. Kwao, chini ya milima ile, anayefungua mlango ambao hakuitwa ni mwizi au ni mlevi. Babu yake aliwahi kusimama kwenye theluji nje ya nyumba ya kaka yake mwenyewe mpaka walipoamka. Kubisha na kungoja ndiyo heshima, na kadiri unavyowapenda watu wa nyumba ndivyo unavyongoja zaidi bila kulalamika. Alikuwa akituonyesha heshima yake yote, Jumapili baada ya Jumapili, na sisi tukiihesabu kuwa dharau.

Nilihisi damu imenipanda masikioni. Mimi, ambaye ningeweza kukueleza kwa kurasa arobaini kwa nini mjane mmoja wa zamani alimwachia jirani yake kitanda, sikuwahi kufikiri kumwambia mtu niliyempenda namna ya kuingia kwetu. Haikunijia kwamba ni jambo la kuambiwa.

"Na Agosti?" aliuliza taratibu. "Uliacha kuja. Nikajua baba yako amekataa."

"Mimi nikajua wewe umekataa."

Tulitazamana. Sitajifanya kusema kilichokuwa katika macho yale. Najua tu kwamba miguu yangu, ambayo haikutulia tangu alfajiri, haikutulia hata hapo. Shangazi alipangusa uso kwa kona ya aproni, akamwambia aingie, mwanangu, sungura hangoji mtu. Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu.

Eskil alitikisa kichwa. "Kwanza nataka kumwona mzee."

Nikamuuliza kama bado ataondoka na feri.

"Sijui. Baba yako akisema niende, nitakwenda. Alinifundisha kazi kwa mikono yake. Siwezi kumchukulia binti nyuma ya mgongo."

Tulishuka shambani tukiwa hatuzungumzi, yeye na sanduku lake, mimi na viatu vya nyumbani. Ilikuwa karibu saa nane. Mipungate ya miiba kando ya njia ilikuwa imejaa matunda yasiyochumwa, na upepo ulisukuma vumbi mbele yetu kama unaotuonyesha njia. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye pengo la ukuta. Alituona mbali, akaendelea kuchagua mawe.

"Baba, hakujua," nilisema kabla sijamfikia. "Habari ya ufunguo. Hakujua kabisa. Alidhani tunausahau."

Baba aliweka jiwe, akaligeuza, akalitoa tena.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hakujua. Tangu Mei. Nilimwona kwa Wistin wa mikate, anabisha. Kwa padre, anabisha. Zizi la mbuzi la Karmnu, nalo alilibisha."

Wakati mwingine wowote ningecheka. "Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Nimelia Agosti nzima, baba. Ulikuwa chumba cha pili."

"Nilisikia."

Alisema hivyo bila kujitetea. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuangusha ukuta wote, lakini sikupata mahali pa kuishikiza. Eskil aliketi juu ya sanduku lake, ghafla.

Baba alijifuta mikono kwenye suruali. Alizungumza akimtazama yeye, si mimi.

"Nina mtoto wa kiume. Pawlu. Alikwenda Melbourne kwa miaka miwili, akusanye pesa za nyumba, arudi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Wanawe hunipigia simu siku ya Krismasi na sielewi wanachosema. Nikakuona unavyomtazama huyu. Nikasema, kijana mzuri, mkono wake mzuri, lakini siku moja atakwenda kwao, na hataenda peke yake. Basi akidhani hatumtaki, ataondoka peke yake. Ndivyo nilivyopiga hesabu."

"Ungeniambia, mzee," Eskil alisema.

"Ningekuambia nini? Kwamba naogopa?"

"Ndiyo."

Baba alitazama mawe kama yatamsaidia. Chini yetu mbwa wa Karmnu alibweka mara moja akaacha.

Nilijua kwamba nikinyamaza hapo, wanaume hawa wawili wataafikiana juu yangu kwa upole mkubwa, na nitabaki pale nilipo maisha yangu yote, nikipendwa. Kwa hiyo nikasema. Nilimwambia baba kwamba mimi si Pawlu. Nilimwambia kwamba nampenda mtu huyu, na nilisema neno hilo mbele ya baba yangu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na minne. Nikasema kwamba nataka kwenda kwao wakati wa baridi, nikakae mimi kwenye ngazi ya mlango wa watu, nisijue kitu, nicheke mahali pasipochekwa. Mwaka mzima nilikuwa mjinga kwa sababu sikuwahi kuwa mgeni popote.

"Kisha nitarudi," nilimaliza.

"Pawlu naye aliapa atarudi."

"Mimi siapi. Nakuambia tu. Ukitaka kuniamini, niamini. Usipotaka, utaniona bandarini."

Eskil, badala ya kuahidi, aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Kuna nini kingine nisichokijua, mzee? Niambie chote leo."

Uso wa baba ulijikunja, na kwa nukta moja nilidhani amekasirika. "Unakula sungura kwa uma," alisema. "Sungura haliwi kwa uma. Unamwita dada yangu Bi Ċensa; kila ukimwita hivyo anazeeka mwaka. Ukipewa divai unasema inatosha kabla haijatosha. Na binti wa watu haombwi kwa kusimama. Aliyesimama naona anaondoka."

"Nimeketi."

"Naona umeketi."

Eskil alivuta pumzi. Aliomba kwa lugha yetu, kwa makosa mawili ambayo sitayarudia, na hakuniangalia hata mara moja alipokuwa akiomba, ingawa masikio yake yalikuwa mekundu kama matunda ya mpungate. Alisema hana nyumba, ana kazi moja Norwei aliyokuwa bado hajaikubali, na mikono ambayo mzee anaijua. Alisema hatanitoa mahali. Nikitaka kwenda atanipeleka, nikitaka kurudi atanirudisha.

Baba aliinama, akachukua jiwe, akalipima mkononi.

"Pengo hili linataka watu wawili," alisema, "na mvua haiko mbali. Kesho saa kumi na mbili asubuhi."

"Baba, hakukuuliza habari ya ukuta."

"Nimesikia alichouliza." Alinipa mgongo. "Nikijibu nitalia, na mawe haya hayapangwi na mtu anayelia. Nendeni mkale. Nakuja."

Hakuja upesi. Tulimngoja juu ya njia, bila kushikana mikono, kila mmoja akiogopa kulitikisa jambo lile lililokuwa bado laini. Mara tatu nilitaka kushuka kumwona, na mara tatu Eskil alinizuia kwa macho tu. Baba alipopanda hatimaye, macho yalikuwa mekundu na alisema ni vumbi. Alilichukua sanduku la Eskil kutoka mkononi mwake, akatangulia nalo kuelekea nyumbani.

Eskil hakupanda feri ile. Ukuta wa chini walimaliza siku mbili kabla ya mvua. Januari nilikwenda kwao, nikakaa wiki saba, nikafanya makosa mengi kuliko yake, na nikarudi siku niliyosema. Baba alikuwa bandarini tangu asubuhi. Tulifunga ndoa Aprili. Sasa tunakaa Għarb miezi minane na Norwei minne. Pawlu bado yuko Melbourne. Na baba, siku hizi, akiogopa hutuambia.